Saini Iliyomshusha Rubani Ardhini

Mvua ndiyo kwanza imekatika. Kwenye uwanja mdogo wa ndege, mwanamke mwenye kizibao cha manjano anakwepa madimbwi, redio ya mkononi ikimkoromea kiunoni. Anamwamuru mpakiaji ahamishe masanduku mawili kutoka nyuma ya ndege kwenda mbele, kisha anapanda ngazi na kumkabidhi nahodha karatasi ya uzito.

Nahodha anaitia saini bila kuikagua. "Ukishapiga hesabu wewe, dada, mimi sina swali," anasema. Halafu anashusha sauti: "Lakini mahali pako ni humu ndani. Bado tu?"

"Rusha ndege, mdogo wangu," anamjibu. "Abiria wanasubiri."

Anashuka, mlango unafungwa, naye anasimama mikono nyuma mpaka magurudumu yanaachana na lami. Wapakiaji wamembatiza jina: Rubani wa Ardhini. Lilianza kama utani. Siku hizi hakuna anayecheka.

Aliwahi kuirusha ndege ya aina hiyo hiyo. Shirika dogo linalosafirisha abiria wa mikoani lilimwajiri kama rubani msaidizi, na kabla ya kumpeleka mafunzoni likamwekea mkataba mezani. Shirika lingelipia mafunzo. Yeye angelitumikia miaka mitatu. Akiondoka kabla, angelipa fedha zinazozidi mshahara wake wa miaka miwili. Na alitakiwa awe na mdhamini.

Mdhamini alikuwa mjomba wake, fundi wa majokofu aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Aliweka nyumba yake dhamana.

"Nilimuuliza, 'Mjomba, umesoma lakini?'" anakumbuka. "Akaniambia, 'Nisome nini? Nimekusoma wewe tangu una miaka minane.'"

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, mshahara ukaanza kupigwa danadana: leo benki, kesho mhasibu yuko safarini. Ukapita mwezi, ikapita miezi minne. Alikuwa akitembea kwa miguu hadi uwanjani, viatu vya kazi kwenye mfuko ili visiingie vumbi.

"Tukitua abiria wanapiga makofi. Mimi nimekaa pale mbele, nawaza nitakula nini."

Alipokwenda kwa meneja, hakufokewa. Alikaribishwa kiti. "Akaniambia, 'Mlango uko wazi, binti. Ila ukitoka, kumbuka nyumba ya mjomba wako.'"

Mkono mtupu haulambwi. Mwezi wa tano bila mshahara, aliandika barua ya kuacha kazi. Haukupita muda shirika likamshtaki, yeye na mjomba wake pamoja.

Kesi ilivutwa karibu miaka mitatu. Kila shirika alikobisha hodi lilitaka barua ya kuachiliwa na mwajiri wa zamani, na barua hiyo hakuipata. Ndipo akachukua kazi ya kupanga mizigo, kwa mshahara usiofika hata robo ya ule wa rubani.

Wakili aliyemtetea anasema marubani wengi hujidanganya kuhusu mikataba hii. "Wanadhani kwa kuwa ni mikali, basi ni karatasi tupu. Si kweli. Mtu akitoa fedha zake kukufundisha, ana haki ya kutaka umtumikie kwa muda unaoeleweka. Swali ni je, gharama anazodai ni za kweli? Na yeye ametimiza ahadi zake?"

Maswali hayo ndiyo yaliyolitoa jasho shirika mahakamani. Mhasibu wake alipotakiwa kuonyesha stakabadhi, ilibainika kuwa mafunzo yaligharimu chini ya nusu ya kilichodaiwa.

Lakini siku hiyo hiyo, rubani alisikia jambo ambalo hakulijua. Wakili wa shirika alisimama akaeleza kwamba sehemu ya deni ilikuwa imekwishalipwa. Imelipwa na mdhamini.

"Niligeuka nikamtazama mjomba," anasema. "Alikuwa anaangalia viatu vyake."

Miezi kadhaa nyuma, wanaume wawili wenye tai walikuwa wamefika kwenye karakana yake, wakamwambia vitanda vyake vitatupwa barabarani. Hakumwambia mtu. Aliiuza nyumba kwa bei ya kutupa, akapeleka fedha kwa shirika akiamini mpwa wake ataachiwa. Shirika lilipokea, likasema ni malipo ya awali, na kesi likaendelea nayo.

"Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, 'Ungekataa.' Basi. Ndilo jibu lake mpaka leo."

Hukumu ilimpa rubani ushindi. Mahakama ilisema mkataba wa namna ile si haramu, ila kiasi kilichodaiwa kilikuwa adhabu, wala si gharama, na asiyelipa mshahara ameuvunja mkataba yeye kwanza. Shirika likaamriwa kurudisha fedha za mjomba.

Halikurudisha. Kufikia siku hiyo lilikuwa limefunga ofisi. Wenye mali wakafungua shirika jingine, jina jipya, rangi mpya.

Mjomba sasa analala kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu," anamwambia mwandishi, akifuta mikono yenye grisi. "Wao wakivunja mkataba, biashara ni ngumu. Mtoto wangu akivunja, kesi." Anayaonyesha majokofu yaliyomzunguka. "Naishi na mabaridi haya yote, na moyo haupoi."

Kila Jumapili mpwa wake humletea chakula. Wanakula pamoja. Nyumba hawaizungumzii.

Kibali chake cha kurusha ndege ile kimekwisha muda; lazima afundishwe upya, na fedha hana. Shirika jingine limekubali kumfundisha. Limempa mkataba: miaka miwili.

Safari hii aliupeleka kwa wakili kwanza. Walidai deni lipungue kila mwezi anaotumikia, na lifutike kabisa mshahara ukikwama. Shirika limekubali yote mawili. Lililobaki ni mdhamini, ambaye bado linamtaka, na jibu la mwisho litatolewa wiki ijayo.

Mjomba alipopata habari, alijitolea tena.

"Nikamwambia, 'Mjomba, una nini cha kuweka?' Akasema, 'Nina majokofu saba ya watu.'" Anacheka, kisha kicheko kinamkauka. "Nataka kurudi angani, sitaki kudanganya. Na nitatia saini. Lakini chini ya jina langu, pa mdhamini, pabaki peupe. Wasipotaka hivyo, waende na mkataba wao."