Gari la Nguvu Mbili na Kaburi la Baba

Aibu hii siisimulii mara nyingi, na nikianza huwa natamani mcheke haraka tufike kule kusikochekesha.

Vita vilikuwa vimekausha petroli Gitega, nami, fundi wa mtaa wa Musinzira mjini humo, mwenye kujiona, nikaiungia pikapu yangu mota ya umeme kutoka mashine mbovu ya kusaga, na betri sita, ili mlimani ivute injini na tambarare ivute mota (majirani waliiita Mke na Mume, maana siku wakipatana ilikwenda vizuri). Kilikosekana kifungio tu, cha kuzuia mota isivute nyuma wakati injini iko kwenye gia ya mbele. Baba, fundi baiskeli wa mji wa Muyinga, alipokuja kunitembelea aliiangalia mara moja akasema, "Tia kifungio kwanza, mtoto yangu. Hivi viwili vitapigana." Nikasema nitatia.

Asubuhi moja habari ikaja: Baba amefariki, atazikwa baada ya Alasiri. Mimi ndiye mkubwa, mimi wa kushuka kaburini kumpokea. Njia ilipitika kwa msafara wa wanajeshi tu, na Bwana Karim muuza vitambaa akaniwekea nafasi kwenye lori lake. "Asante, niko na gari yangu," nikajibu (kiburi, na msiba kichwani!), maana nilitaka Muyinga yote ione mtoto wa fundi baiskeli amefanya nini.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi, magari yamejipanga, nikarudi nyuma kwa mota kulipisha gari lao, nikasahau kuizima, nikatia gia ya kwanza, nikakanyaga. Injini ikavuta mbele, mota nyuma, giaboksi ikapasuka kwa mlio ambao miaka ile hakuna aliyengoja kuuliza ni wa nini: msafara mzima ukalala chini, akina mama na vikapu vyao, Bwana Karim na kanzu yake nyeupe ndani ya tope, nami peke yangu nimekaa wima, usukani mkononi.

Watu wakainuka wakinitukana. Mwanajeshi akafungua boneti, akaona nyaya kama za bomu.

"We, iko nini hii?"

"Iko mota tu, shefu. Mi niko fundi. Baba yangu amekufa, naenda kumuzika."

"Fundi wa bombe? We unabaki."

"Muachie, shefu, namujua!" Bwana Karim alipaza sauti kutoka lorini, tope mpaka ndevuni. Hawakumsikiliza, msafara ukaondoka.

Waliniachia jioni, gari wakabaki nalo, nikafika Muyinga kesho yake. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

"Tulikungoja mpaka Alasiri ikapita," alisema baba mdogo. "Mayiti haingoje."

"Nani alishuka kumupokea?"

"Jirani."

Nililia mbele ya watu wote, mtu mzima na ndevu zangu. Juma lile lile nikakitengeneza kile kifungio kwa spoki ya baiskeli yake. Kazi yenyewe ilichukua muda wa chai kuchemka, na gari la kukifunga sikuwa nalo tena. Siku hizi mtu akinionya jambo la kazi naacha yote nalifanya hapo hapo, hata akiwa amekosea. Baba hakuwa amekosea.