Barua Zinazosomwa Sebuleni

Kijana alikuwa amechoka kuandika jambo lile lile. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili ughaibuni, akifua mashuka ya hoteli mpaka mikono imebabuka kwa sabuni, na kila mwezi aliwaandikia wazazi wake bila kupindisha maneno: "Sina hela. Mshahara wote unaishia kwenye kodi ya chumba. Nisaidieni nauli nirudi."

Na kila mwezi zilimjia barua za kutia wazimu. Mjomba alishukuru mapema kwa mabati. Shangazi aliuliza cherehani yake itafika lini. Binamu, ambaye hata hawaelewani, alituma kipimo cha mguu.

"Hivi hawa watu hawajui kusoma?" alifoka, akaitupa barua juu ya rundo la mashuka machafu. "Mimi nalia njaa, wao wananiagiza viatu!"

Safari hii akaandika mstari mmoja tu, kwa herufi kubwa: SINA HATA SENTI TANO, WAAMBIENI WOTE.

Aliyejibu alikuwa baba peke yake.

"Mwanangu, barua zako nazisoma mimi kwa sauti, ukoo mzima umejaa sebuleni. Hao ndio waliouza shamba la babu yako ili wewe uende. Ningewasomea nini? Ulipoandika njaa, nilisoma neema. Lakini huo mstari wako mmoja nilisimama nao nusu saa nzima nikitunga, jasho linanitoka. Mwezi ujao danganya mwenyewe. Baba yako amechoka."