Mwanangu Ashrafu Hakulimishwa Usiku

Mwanangu Ashrafu Sadala hakuwa mvivu, hakuvuta bangi, wala hakuna aliyemchukua usiku kumlimisha shamba. Nayaandika haya kwa sababu maneno yaliyoanzia Maparoni yamekwisha kufika Kibiti, na sasa hata wauza mboga wa sokoni, ambao hawakupata kumwona akiwa hai, wanajua kwa hakika kwamba mama yake, yaani mimi, nilimfanya msukule, nikamtumikisha kwa uchawi. Ushahidi wao ni shamba langu la ufuta, kwamba lilikuwa safi na hakuna aliyeona kibarua. Vibarua wangu walitoka Ikwiriri na walilala humo humo shambani hadi kazi ilipokwisha. Aliyetaka kuwaona angekwenda.

Ashrafu alizaliwa Kibiti, wakati nafundisha baiolojia sekondari. Baba yake alikuwa mtu wa Maparoni, na alipofariki alituachia majaruba ya mpunga huko deltani. Mimi nilitaka mwanangu asome. Alimaliza kidato cha nne, akafaulu vya kutosha kuendelea, kisha akaniambia anakwenda kulima mpunga wa baba yake. Sikupendezwa, na nilimwambia hivyo. Lakini kila nilipopanda boti Nyamisati kwenda kumtazama, nilimkuta na furaha ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa mbele ya daftari. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mpenda kanzu safi siku ya Ijumaa, na hodari wa teo, kombeo la kufukuzia ndege. Bonge la udongo lililotoka kwenye teo lake lilitua pale pale ndege walipotaka kutua.

Habari ya ndege lazima niieleze, maana ndiyo iliyomponza. Mpunga ukianza kuiva, watu wa delta huhamia mashambani na kukaa juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti, wakiamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri hadi jua lizame. Majaruba yamepakana. Mmoja akisinzia, kundi hutua kwake, na likishatua kwake halina mpaka tena. Kwa hiyo usingizi wa dunguni si aibu ya mtu mmoja, ni hasara ya majirani wote. Huko mtu husamehewa ulevi, hata ugomvi, lakini hasamehewi kulala wakati wa kuamia.

Kope za Ashrafu zilianza kushuka. Mwanzoni ulikuwa utani. Bi Mwanamina, jirani wa dungu la pili, alikuwa akimwita mume kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, na siku moja alimpazia sauti kutoka kwake: "Mume wangu, macho hayo unamrembulia nani? Mimi niko huku." Ashrafu akamjibu kwamba anayafunga nusu kwa sababu uzuri wake unaumiza. Watu wakacheka.

Msimu uliofuata hawakucheka. Mkono wake ulichoka kabla teo halijazunguka vizuri. Hakuwa amelala. Aliwaona ndege wakitua, alijaribu kuinuka, na mwili ukakataa. Lakini aliyemtazama kwa mbali aliona kijana ameketi, kope zimefumba nusu, na ndege wamejaa mpungani. Kwanza wakasema mvivu, kisha wakasema bangi. Hatimaye wakasema mtu anayeamka amechoka bila ya kazi, basi kazi kaifanya usiku bila kujua, na anayemlimisha mwenzake usiku mara nyingi ni wa nyumba moja.

Nilimpeleka Dar es Salaam. Walimkata kipande kidogo cha msuli wa paja, wakakipeleka kupimwa. Daktari alipotuita nilijua anachotaka kusema kabla hajamaliza, na siku hiyo sikuishukuru elimu yangu. Miaka yote ya kazi nilichora seli ubaoni: kiini kinachotunza maagizo ya mwili, ribosomu zinazojenga protini, lisosomu zinazovunja taka, na utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Nilichora na mitokondria, mfano wa vijiharage vyenye mikunjo ndani, zinazochukua chakula tulichokula na hewa tuliyovuta na kutupatia nguvu. Seli moja ya msuli inazo kwa mamia. Za Ashrafu nyingi zilikuwa mbovu. Alikula wali kama sisi, akavuta pumzi kama sisi, nguvu ikawa haitoki. Ugonjwa ulianzia kwenye kope, ukaenda mikononi, na mwisho ungefika kwenye moyo. Daktari alisema waziwazi kwamba dawa hakuna. Nilimheshimu kwa hilo.

Mitokondria zina maagizo yao wenyewe, mbali na yale ya kiini, na mtoto huzipata kwa mama. Za baba hazipiti. Hilo nilizoea kuwauliza wanafunzi kwenye mtihani. Nikamkumbuka mjomba wangu Mwinjuma, ndugu wa mama yangu, aliyekufa kijana, kiziwi na mgonjwa wa kisukari, ambazo nazo ni dalili za mitokondria mbovu, nikaelewa njia uliyopita ugonjwa kabla ya kumfikia mwanangu.

Tuliporudi tulikuta majirani, wakiongozwa na Mzee Mrisho mwenye jaruba kubwa kuliko wote, wameamua kwamba Ashrafu aondoke na sehemu yake ashike mtu mwingine. Ashrafu aliniomba nizungumze nao.

"Mama, wewe ni mwalimu. Waeleze tu. Wakijua ni ugonjwa wataniacha. Sitaki kufa naitwa mvivu, halafu naitwa msukule."

Hakuwa na ombi jingine. Alitaka abaki kwenye dungu la baba yake na jina safi, hata kama mtu mwingine angemrushia teo.

Tulikutana barazani kwa Mzee Mrisho. Walinipa kiti na maji ya kunywa. Niliwaeleza kwa utaratibu, na nadhani sikupata kufundisha somo vizuri kuliko lile. Nilisema ndani ya mwili wa kila mtu mna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vina urithi wao wenyewe, vinakula tunachokula na kututolea nguvu. Nikasema kwa Ashrafu vimeharibika, kwa hiyo anakosa nguvu ingawa hajafanya kazi. Walisikiliza kwa makini.

Mzee Mrisho akauliza kwa adabu, "Mwalimu, na hivyo vitu mtu huvipata wapi?"

Nikajibu kwamba mtu huzaliwa navyo.

"Kwa baba au kwa mama?"

Sijawahi kusema uongo mbele ya darasa.

"Kwa mama," nikasema. "Kwa mama peke yake."

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu kama walivyoyasikia wao. Vitu visivyoonekana, vinaishi ndani ya mtu, vinamnyima nguvu zake, na ni wanawake tu wanaowarithisha watoto wao. Mtoto yeyote wa delta angekuambia jina la kitu hicho, na lisingekuwa mitokondria. Nilianza kueleza upya, nikataja hadubini, nikataja majibu ya hospitali, na kila nilichoongeza kilinizamisha zaidi. Bi Mwanamina aliivuta kanga yake isiguse mguu wangu. Hakusema kwa ubaya.

"Basi umesema mwenyewe, mwanangu. Sisi hatukukusingizia."

Ashrafu alikuwa akinitazama kwa kope zile zile. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye. Dungu walimpa mtu mwingine.

Nilimrudisha Kibiti, nikamtengea chumba kinachopata upepo. Alipunguka kidogo kidogo. Ilifika hatua akawa anapumzika katikati ya sentensi, kisha akaacha kuimalizia. Moyo wake ulisimama wakati wa vuli. Kutoka Maparoni walikuja watu wachache, wakasimama kaburini kwa heshima zote, na siku ya khitma hakuna hata mmoja wao aliyegusa chakula cha nyumbani kwangu. Sufuria za pilau zilirudi jikoni zimejaa.

Binti yangu Yasmin, mdogo wake Ashrafu, alikuwa na posa. Upande wa kijana ulituma neno kwamba kijana bado hajawa tayari. Tangu hapo wamekuja wengine, mashangazi waliojipamba, wanaosifu nyumba na kumtazama Yasmin machoni anapoweka sinia ya chai. Wakitoka nje huniuliza, kila mmoja kwa namna yake, kama na yeye anao.

Yasmin ni mwanangu, kwa hiyo alichopata amekipata kwangu. Mitokondria nzuri ni ngapi na mbovu ni ngapi hutofautiana kwa mtoto na mtoto, na hujulikana kwa kupima. Amepimwa. Majibu anayo yeye na ninayo mimi, na sitayasema.