Gia ya Kurudi Nyuma

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Siku tuliyobadilisha giaboksi ya pikapu ya baba pale Karatina, fundi alinivutia stuli, akaipangusa kwa kitambaa kilichojaa grisi, akaniambia niketi nisubiri. Niliketi kidogo tu. Nikasimama, nikazunguka gari, nikachungulia chini, nikaenda hadi barabarani na kurudi. Fundi alikuwa amelala chali juu ya kipande cha katoni, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Mwalimu, tulia," alisema kutoka huko chini. "Hii si mtihani."

Ningetuliaje? Asubuhi hiyo nilikuwa nimemdanganya baba yangu, na huo uongo wenyewe ulikuwa njiani kutoka Sagana, umefungwa kwa kamba nyuma ya gari la mtu.

Pikapu ile baba aliinunua nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa na gia nne, na rivasi yake, ile gia ya kurudi nyuma, ilikaa mahali pa ajabu: unasukuma gia mbali nawe kabisa, karibu na goti la abiria, halafu mbele. Mimi nilijifunza kuendesha kwa gari hilo hilo, katika uwanja wa shule siku za likizo, mkono wa baba ukiwa juu ya wangu. Mwaka jana gia ya tatu ikaanza kuruka, inachomoka yenyewe gari likiwa njiani. Tukipanda kurudi nyumbani, baba alikuwa akiizuia kwa goti, huku akiongea habari za mvua kana kwamba hakuna kitu. Mwishowe hata goti halikusaidia.

Na baba mwenyewe alikuwa ameanza kuruka. Mwezi mmoja kabla ya hapo alipeleka karoti sokoni Karatina, akauza, akawasha gari arudi nyumbani. Kutoka pale hadi kwetu ni dakika ishirini, barabara moja, kona mbili. Saa nane mchana akanipigia simu.

"Mama," akasema. Baba huniita mama. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu, na tangu nizaliwe sijamsikia akiniita vingine. "Mama, niko hapa Kutus. Lakini sijui nilikuwa nakuja kufanya nini."

Alicheka. Mimi sikucheka; Kutus ni mji mwingine kabisa, mbali na njia ya kwetu. Nilikuwa mbele ya darasa, chaki mkononi, na nikawaacha wale watoto katikati ya hesabu za sehemu nikaenda kusimama nje.

Nilimwomba aache kuendesha. Nikamwomba tena. Mara ya tatu nikapandisha sauti, nikamtolea maneno ambayo mtu hamwambii mzazi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mama." Kesho yake kabla ya jua kutoka nikasikia gari likinguruma, limepakiwa karoti hadi juu. Siku hiyo yote sikuweza kufanya kazi. Kila simu ikilia, natoka nje ya darasa.

Kwa hiyo giaboksi ilipokufa, nitasema ukweli, nilifurahi. Furaha hiyo haikukaa. Fundi alinipigia simu kwamba kule Sagana kuna mtu anayeuza vipuri vya magari yaliyovunjwa.

"Ako na mbili," aliniambia. "Moja ni ya gia nne kama hii yenyu, mzima kabisa. Hiyo ingine ni ya gia tano, ya gari ya juzi juzi. Lakini hiyo ya tano rivasi iko upande ingine. Unavuta kwako, halafu nyuma. Na pale rivasi yenyu ilikuwa inakaa, sasa hapo ndio kutakuwa na namba wani, gia ya kwanza. Mzee amezoea ile. Mimi naona tuchukue ya nne."

"Lete ya tano," nikasema.

"Uko sure, mwalimu?"

"Lete ya tano."

Nyumbani nikamwambia baba kwamba zile za zamani hazipatikani tena, siku hizi zote ni za gia tano. Aliitikia kwa kichwa akaendelea kula. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilitaka gari limkatae, ili nisiwe mimi ninayemkataa.

Basi nikawa pale gereji, nikizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Ile ya zamani ilishuka kwanza, imebebwa kifuani na fundi, oili ikichuruzika, nyeusi, yenye vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa. Ile mpya ikagoma kuingia. Ilikuwa ndefu kuliko mwenzake, kwa hiyo shafti ya kuelekea magurudumu ya nyuma ingebidi ikatwe na kuchomelewa upya, na tundu la gia kwenye sakafu lisogezwe. Nikaenda sokoni nikanunua ndizi nisizozihitaji. Niliporudi fundi alikuwa ameketi, giaboksi mapajani, anaitazama.

"Bado naweza kurudisha," alisema. "Nikishafunga bolti, basi."

Nikamwambia afunge.

Kesho yake baba alikuja nami kulichukua gari. Fundi alimzungusha nyuma ya gari kumwonyesha mahali palipochomelewa, wakakaa huko wakiongea muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikuwa barabarani, nikienda na kurudi. Baba alipotokea hakuniuliza lolote. Nikaendesha mimi, naye akatazama nje ya dirisha hadi nyumbani.

Siku ya nne baba alitaka kuligeuza gari uani. Nilikuwa nikianika nguo. Nikaona taa za mbele zikinitazama, nikaona bega lake likisukuma gia mbali, kwa goti la abiria, halafu mbele, vile alivyofanya maisha yake yote. Pikapu ikaruka mbele ikaingia kwenye kibanda cha ndama, hatua chache tu kutoka kwenye kamba ya nguo. Ndama alikuwa nje, amefungwa kando ya ua. Mbao zilivunjika, bati likaangukia boneti.

Baba alishuka taratibu. Alisimama akitazama kibanda, akatazama kamba ya nguo na mimi niliyesimama nyuma ya nguo hizo, akaja akanipa ufunguo.

"Shika, mama," akasema. Nikautia mfukoni mwa aproni. Usiku huo nililala vizuri, na hilo linaniuma hadi leo.

Wiki zilizofuata kila asubuhi baba alikuwa akiingia ndani ya pikapu, akiketi mahali pa dereva, mlango wazi, injini imezimwa. Kutoka jikoni nilimwona mkono ukienda huku na huku. Nilidhani akili imeanza kumwacha, kwamba anacheza kama mtoto. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Mara nyingine niligonga sufuria kwa nguvu ili asikie nimeamka, atoke pale.

Sasa siku za soko mimi ndiye dereva. Jumamosi iliyopita tuliingia Karatina tukajikuta katikati ya msongamano: nyuma kuna nafasi ya kupita, mbele kuna mkokoteni umejaa viazi, na mwenye mkokoteni anapiga bodi yetu kwa kiganja nirudi nyuma. Nikakanyaga klachi, na mkono wangu, ule uliofundishwa katika uwanja wa shule, ukaenda wenyewe mbali, kwa goti la baba, halafu mbele. Pikapu ikaruka. Injini ikazima, shubiri moja tu kutoka kwa viazi.

Baba alikuwa kando yangu, kofia magotini. Aliuweka mkono wake juu ya wangu.

"Vuta kwako, mama. Halafu nyuma. Usilazimishe."

Gia ikaingia bila kelele.

"Baba, umejifunza hii wapi?"

"Si ni pale nyumbani, ndani ya gari. Kila asubuhi."

Nikakumbuka sufuria nilizogonga. "Ungeniambia," nikasema. "Ningekurudishia ufunguo." Sijui kama ni kweli ningemrudishia.

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Fundi aliniambia hiyo siku tulichukua gari. Ati ile ya gia nne ilikuwa Sagana na ikakataliwa. Nikajua mama hataki niendeshe." Akaonyesha kioo kwa kidevu. "Washa. Watu wanangoja."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini mwenye mkokoteni alikuwa ameanza tena kupiga bodi. Nikawasha gari, nikaachia klachi polepole, tukarudi nyuma, na mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu.