Pombe ya Matanga Iliyomwagwa

Kwenye mafunzo ya Ngara walituambia: ukisikia tetesi ya kuhara na kutapika, piga simu wilayani, usisubiri uhakika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema mkufunzi, tukacheka. Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji chetu hapa Kasulo, nami nilitii.

Siku hiyo jirani yangu alikuwa anaanua matanga ya mumewe. Kwetu pombe ya matanga, ya ndizi, hunywewa kwenye mtungi mmoja, wazee wakipokezana mrija. Anayeukataa ni kama amesema marehemu alirogwa na wa nyumbani. Jioni wageni kadhaa wakaanza kuhara. Nikapiga simu. Gari likaja, maofisa wakamwaga mtungi mzima uani, mbele ya wakwe. Baadaye majibu ya maabara yakarudi: si kipindupindu. Huenda ilikuwa nyama iliyolala.

Sasa nani angemrudishia mjane heshima yake? Wakwe waliondoka wakinong'ona kwamba amewalisha sumu. Mimi nikabandikwa jina, Mama Gari. Tangu hapo kila mlango niliobisha niliambiwa hatujambo sote, na kila wiki nilituma taarifa wilayani kwamba hakuna mgonjwa. Wakanisifu kwa kuwahi! Nilizichukia sifa zile. Hatukuwa wazima, tulikuwa tumenyamaza.

Msimu wa mvua nikaona kwa jirani yangu mashuka yameanikwa na mvua inanyesha. Hakuna anayefua siku kama ile kwa kupenda. Nikaingia bila hodi. Binti yake mdogo alikuwa mkekani, macho yamezama ndani.

"Dada, mpe ile dawa yako ya kukoroga, nakuomba," mama yake akasema. "Ila simu uiache. Watakuja kunimwagia tena."

Nikakoroga, mtoto akanywa, akatapika. Nikakoroga tena, akatapika tena. Niliogopa kukosea kuliko nilivyouogopa ugonjwa wenyewe, maana likiwa ni tumbo la kawaida tu, nitakuwa nimemwaibisha mwanamke huyu mara mbili.

Nikapiga.

Mtoto alipelekwa Rulenge, akalazwa, akapona. Safari hii majibu yalisema ni kipindupindu kweli, na nyumba za jirani zikawahiwa. Hakuna aliyekuja kuniambia lolote. Yule mtoto akiniona njiani hunikimbilia, na mama yake humwita arudi ndani.