Mashimo Kumi na Moja ya Bi Somoe

Bi Somoe binti Matano ni jirani yangu hapa kisiwani Juani, na tangu nimjue sijamwona akirudi mwambani mikono mitupu. Bamvua, pale maji yanapotoka mpaka mwamba ukabaki wazi, sisi wengine tunarudi na pweza wawili, pengine na nguo zilizolowa tu. Yeye sita, saba. Tulikuwa tukisema ana dawa. Hakuwa na dawa. Alikuwa na mashimo kumi na moja aliyoonyeshwa na mama yake, na kila shimo pweza akitolewa huingia mwingine.

Kwetu mama humwonyesha binti mashimo akishajifungua mtoto wa kwanza, si kabla. Na mtu akiwa mwambani hafuatwi nyayo. Ukimwona mwenzio ameinama, unageuza uso. Mwaka ule wa 2018 Mwanahalima, binti pekee wa Bi Somoe, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yake alihesabu siku kuliko yeye.

Ndipo wakaja wanafunzi wanne wa chuo, wakiongozwa na Masooma, binti wa wenye duka kule Kilindoni. Walikuwa wakitengeneza programu ya simu inayojua mtu yuko wapi: ukikaribia eneo la Hifadhi ya Bahari lililofungwa kwa uvuvi, simu inalia. Jambo jema, maana mpaka wa baharini hauna ukuta wala mti, na Bi Somoe alishauvuka mara mbili bila kujua, akarudishwa kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Namna yao ya kazi ilituchekesha. Kila asubuhi walisimama duara nje ya darasa waliloazimwa, dakika kumi, kila mmoja akieleza jana alifanya nini na leo atafanya nini. Kukaa marufuku. Mimi nilidhani wameadhibiwa. Ukutani walibandika vikaratasi vya rangi, na kazi iliyokwisha karatasi yake huhamia kulia. Walisema hawangoji programu ikamilike. Kila wiki mbili wanatoa kipande, watu wanakijaribu, kisha wanakirekebisha. Muda huo waliuita sprinti.

"Hilo ni bamvua, wanangu," Bi Somoe akawaambia. "Nalo huja kila wiki mbili."

Masooma akacheka, akaandika, na tangu siku hiyo sprinti zao zikafuata maji.

Simu ya majaribio akapewa Bi Somoe. Aliifunga katika mfuko wa nailoni, akaitia kifuani. Bamvua la kwanza haikulia mpakani, ikaja kumlilia jikoni kwake. La pili ikalia pale pale panapotakiwa, akageuka. Aliisifu kijiji kizima mpaka tukachoka.

Baada ya bamvua la tatu wakatuita wanawake watano, na Bi Somoe wa sita, tutazame toleo jipya. Walitundika shuka jeupe, wakawasha mashine ya kuonyesha picha. Masooma akasema safari hii wameongeza kitu: programu inakumbuka njia aliyopita mtu, na kila aliposimama kwa muda inaweka nukta nyekundu.

"Tumeona itawasaidia kujua penye pweza wengi," akasema, amefurahi.

Mwamba wetu ukajaa shukani, na juu yake njia ya Bi Somoe, na nukta kumi na moja.

Desturi ni kugeuza uso. Lakini darasani, umeitwa utazame, uso unaugeuzia wapi? Nilitazama. Wenzangu nao walitazama, hata kupepesa hawakupepesa. Bi Somoe akasimama.

"Masooma, mwanangu, izime."

"Kuna kosa, bibi?"

"Hayo ni ya Mwanahalima."

Masooma hakuelewa mpaka alipoelezwa. Ni mtoto wa kisiwani, lakini pweza alimjua kwenye sahani. Alilia, akaomba radhi, na siku hiyohiyo wakafuta nukta zote na kuiondoa ile kumbukumbu ya njia. Kwenye simu zilifutika.

Bamvua la nne nilikwenda. Nilijiambia napita tu. Penye jiwe bapa, upande wa magofu ya Kua, nikainama, nikatoa pweza mkubwa, nikaondoka mbio. Njiani nilikutana na wenzangu, kila mmoja anajifanya anatafuta chaza. Hatukuulizana. Nilimla yule pweza kwa aibu, na bado alikuwa mtamu.

Bamvua la tano lilipopita, Mwanahalima ameshajifungua mtoto wa kike, Bi Somoe akaja uani kwangu. Nilikuwa nakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa.

"Mwanasiti, lile la jiwe bapa ni wewe?"

Uongo haukunijia. "Ni mimi, Bi Somoe."

"Jiwe la mlangoni uliliweka wapi?"

"Nililisukuma kando."

"Ukishamtoa pweza unalirudisha, unaacha upenyo wa vidole vitatu. Usiporudisha, mchanga unajaa, haingii mwingine. Lako limejaa." Akatazama mikono yake. "Saba yamekufa. Yamebaki manne."

Laiti angenitukana. Nilitaka anitukane. Nilishika kile kifuu cha nazi nisijue nikiweke wapi.

"Arobaini ikiisha nitampeleka Mwanahalima," akasema. "Na nyinyi mje. Mahali mmeshapajua, mjue na kupatunza, msije mkaniulia na haya."

Tulikwenda wote watano, tumeongozana nyuma yao. Kwenye shimo la kwanza Bi Somoe akainama na binti yake, akashika jiwe.

"Haya, tazameni," akaita.

Akainua kichwa kututafuta. Sote tulikuwa tumegeuza nyuso.