Tumchinje Mzee Kesho

Mama yangu alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili, na wanafunzi wakambatiza Wino Mwekundu. Nyumbani nako hakuna aliyepona. Ole wako useme "mshiko" mezani. Utaambiwa sema "fedha", na chakula kipoe hadi urudie sentensi nzima. Aliyemshinda ni Baba peke yake. Baba alikuwa fundi wa magari, na kwake gari halikuwa kitu, alikuwa mtu.

"Mgonjwa wangu leo amegoma kuamka."

"Gari limekataa kuwaka," Mama anamsahihisha.

"Hilo lako ndilo limekataa, mwalimu. Wangu amegoma."

Hivyo hivyo, mpaka mwaka juzi moyo wa Baba uliposimama ghafla.

Halafu ikaja barua ya mahakama. Mzee mmoja alikuwa ametoweka siku sita, na wa mwisho kuonana naye ni fundi aliyenunua gari lake bovu. Kwenye simu ya fundi huyo polisi walikuta ujumbe kwa mwenzake: "Tumchinje mzee kesho. Macho nimeshapata mteja." Shitaka ni mauaji. Mama aliitwa aeleze lugha.

Nilimsindikiza. Kizimbani fundi alishika chuma kwa mikono miwili, kucha zimejaa grisi ileile ambayo Baba haikumtoka hata siku ya harusi yangu. Mkewe alikaa mbele yangu na mtoto mgongoni.

Mwendesha mashtaka hakupoteza muda. "Mwalimu, kama ni gari, tunasema 'tumchinje' au 'tulichinje'?"

"Tulichinje."

"Na 'tumchinje'?"

"Kwa kanuni, mtu au mnyama."

"Mwanafunzi akiandika 'tumchinje' akimaanisha gari?"

"Namkata maksi."

"Asante. Sina la ziada."

Mke wa fundi alijishika kichwa. Mimi, acha niseme ukweli, nilimchukia mama yangu dakika ile nzima. Mtu anakwenda kufia jela kwa ajili ya herufi moja!

Lakini Mama hakushuka. Alikuwa anaziangalia zile kucha.

"Mheshimiwa hakimu, naomba niusome ujumbe wote. Hapa nimepewa mstari mmoja tu."

Simu ikaletwa. Akavaa miwani, akasoma polepole kama anayesahihisha mtihani.

"Unaendelea hivi: 'Miguu ya nyuma achana nayo, ni vipara.' Mheshimiwa, huyo mzee aliyepotea ana miguu mingapi?"

Mtu akacheka nyuma. Hakimu akagonga meza.

"Mafundi huliita gari mtu kwa sababu wanalitibu," Mama akasema. "Macho ni taa. Miguu ni tairi, na kipara ni tairi lililokwisha meno. Gari lililozeeka ni mzee. Likishindikana kupona linachinjwa, kila mteja aondoke na kipande chake, kama nyama ya ng'ombe."

"Na ile kanuni yako?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Kanuni ni yangu. Ujumbe ni wao."

Hakimu akamtazama. "Haya uliyasomea chuo gani?"

"Mezani kwangu, Mheshimiwa. Nilikuwa nayasahihisha."

Jioni ileile polisi walikuta vipande vya gari kwa wateja wanne. Siku tatu baadaye mzee naye akapatikana kwa binti yake, mzima wa afya, akishangaa kelele za nini.

Siku ile ya ushahidi Mama hakungoja kushukuriwa. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mahakama, yeye ambaye hajawahi kukaa chini hadharani.

"Wiki ile ya mwisho," akasema, "baba yako aliniambia, 'Mama watoto, injini inagonga.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sema moyo, wewe si gari. Akasema moyo. Nikaridhika, nikarudi kwenye madaftari yangu."